Siku Niliyopelekwa Korongoni Nipone

Krismasi hii tulipanda nyumbani, kihambani kwetu, shamba la ukoo la migomba mlimani juu ya Kwa Sadala, kama ilivyo ada. Jioni moja binti yangu alikuwa anatazama kwenye simu sinema ya shujaa apaaye angani, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, mbona yule mbaya anachechemea kama wewe?" Ndugu yangu, woga wa zamani ulinirudia wote, hata fimbo ikanitoka mkononi.

Nilikuwa darasa la tatu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umesinyaa tangu homa ya utotoni, nikitembelea fimbo aliyonichongea bibi. Miaka ile ya soko huria vitu viliingia kwa pamoja: mitumba, biskuti za kila rangi, na kibanda cha video nyuma ya soko. Tulibanana kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje, harufu ya petroli na ndizi za kuchoma ikiingia kwenye pazia la gunia, mwenye kibanda akitufasiria kwa sauti kubwa kuliko sinema yenyewe.

Siku moja, ndani ya sinema, jamaa mmoja wa magongo alisukumwa bondeni na majambazi. Akaibuka amepona, anaruka maghorofa. Adui yake alikuwa na mguu wa chuma. Ukisikia ko, ko, ko, jua kuna mtu anakufa. Wenzangu walipiga mayowe. Wakati wa kutoka, fimbo yangu ikagonga sakafu ya saruji: ko, ko, ko. Watoto wakanipisha njia.

Tangu hapo nilijiogopa. Tukimenya na bibi ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi, nilikitazama kisu changu nikijiuliza ubaya utaniingia lini. Bibi alizoea kunifariji kwamba kutangulia si kufika. Sasa nilichoogopa ni huko nitakakofika.

Binamu yangu, mkubwa wetu na mwenye huruma kuliko wote, ndiye aliyepata dawa. Alisema wenye mguu kama wangu wapo wa aina mbili tu, shujaa anayepona na mbaya anayeua, na kabla sijageuka yule mbaya, ni lazima nianguke. Yeye na binamu wengine wakanibeba mgongoni kwa zamu kupita chini ya migomba, tukavuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani, hadi ukingoni mwa korongo. Fimbo yangu ilitupwa itangulie, kwa kuwa hata yule wa video magongo yake yalitangulia. Tuliisikia ikigonga mawe, tena, na tena, halafu kimya. Nilijikojolea.

"Usiogope, utapona," binamu alisema, viganja vyake mgongoni mwangu.

Nilitaka kumwita bibi. Ndipo nikaikumbuka sinema yenyewe.

"Waliomsukuma walikuwa majambazi," nikamwambia. "Na mwishoni wote walikufa."

Viganja vikaondoka. Nilipogeuka, alikuwa amechuchumaa anipe mgongo. Alinibeba hadi nyumbani huku analia. Bibi akauliza fimbo iko wapi, akatutazama mmoja mmoja. Akachukua panga akaenda kukata nyingine.

Siku hizi mfongo umekauka, na pale kwenye kibanda wanauza vocha na chaja. Bibi amelala kihambani, karibu na migomba yake. Binamu ana mvi, na nikifika yeye ndiye hunishika mkono nishuke kwenye gari.

Nilimsimulia binti yangu kama nilivyokusimulia wewe. Nikamwambia watunzi wa sinema zile hawajui wafanye nini na mguu kama huu, isipokuwa kuuponya au kumuua mwenye nao. Sijaona hata mmoja aliyerudi nao nyumbani akala mtori. Akazima simu, akaniokotea fimbo. Kisha akaniuliza ni watu gani wabaya hivyo walionipeleka korongoni.

Nikamwambia hawakuwa wabaya, walinipenda. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.