Mwaka Tuliokandika Dago

Mpunga unapochanua una harufu yake, na mtu asiyelala karibu nao haijui. Si harufu ya wali. Ni nyepesi zaidi, ina utamu kidogo kama maziwa mabichi, inakuja asubuhi jua linapoanza kukausha umande, na likipanda juu huisikii tena. Mimi niliijua bondeni Ruvu, upande wa Mlandizi, wakati wa Mwingereza, mwaka aliofariki baba. Nilikuwa binti mdogo, lakini si mdogo wa kushindwa kumbeba mdogo wangu Sefu mgongoni huku nikifukuza ndege. Shule nilikaa miaka miwili tu, na kuandika nimejifunza ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiandika kama ninavyosema.

Sisi kwetu ni Masaki, huku Kisarawe, watu wa mihogo na mikorosho. Mpunga tulikuwa tunaufuata bondeni. Masika ikikaribia, watu walifunga milango kwa kamba, wakamwachia jirani kuku, wakajitwika sufuria na majembe wakateremka. Tangu hapo ukimuulizia mtu unaambiwa yuko dago. Siku hizi nawasikia vijana wakiita dago hata chumba cha kupanga Dar es Salaam, mtu anakaa humo miaka na miaka mpaka anaoza meno. Sisi hatukulitumia hivyo. Aliyehama hakuwa dago. Aliyekwenda kumtazama mgonjwa akalala siku mbili tatu hakuwa dago, huyo alikuwa mgeni. Wavuvi wa pwani nao wana dago lao, wakifuata samaki mbali na kwao, na maana ni ile ile: uko hapa kwa kazi, kazi ikiisha unavunja unarudi kwako. Asiye na kwake hawezi kuwa dago. Ndiyo maana mtu akisema yuko dago, amekwisha kukwambia kwamba ana nyumba mahali pengine, na isiguswe.

Na dago lilikuwa na sheria zake, ambazo hakuna aliyezisoma mahali ila kila mtoto alizijua. Kibanda ni fito na nyasi, basi. Hupandi mti wa kudumu, hata mpapai. Mtu akifia dago, anabebwa kurudishwa kwao. Na kubwa kuliko zote, kibanda hakikandikwi udongo. Ukikandika, umesema unakaa. Wenyeji wa bonde, waliotuazima ardhi yao kwa msimu, wataanza kukutazama vibaya, na wa kwenu watajua umehama.

Baba alifariki kwa kifua, akaacha nyumba yake na mikorosho yake. Mama alipomaliza eda, baba yetu mdogo alikuja pale uani akakaa juu ya kinu. Nitamtaja jina, maana nimemnyamazia muda mrefu na yeye hakunyamaza: Shomari. Alisema kwa sauti ya huruma kabisa, "Shemeji, wewe nenda dago kama kawaida. Watoto wasilale njaa. Nyumba nitaitazama mimi." Mama akamshukuru. Mimi mwenyewe nilimwona akimshukuru, kapiga magoti. Hatujafika hata nusu ya msimu, habari zikatufikia kwamba Shomari amekata ile kamba ya mlango, amemwingiza mke wake mdogo ndani, na kila anayeuliza anamjibu kwamba sisi tumehama, tumeolewa na bonde.

Mama hakurudi mbio. Mpunga ulikuwa unachanua, ndege wengi, na angeuacha tungerudi kugombea nyumba kwa matumbo matupu. Lakini mvua ya mwaka ule ilikuwa haina adabu. Ilipiga kwa ubavu, nyasi zikavuja, na Sefu akaanza kukohoa kikohozi kile kile cha baba. Siku moja nilimkuta mama yuko nje na tope mpaka kwenye viwiko, anakandika. Alikandika upande wa upepo, kisha akazunguka akamaliza kibanda kizima. Sefu alipata joto, akalala. Kwa mama ilikuwa tiba tu. Kwa Shomari, aliposikia, ilikuwa sherehe.

Aliyetuletea habari alikuwa shemeji yake Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa jirani yetu wa kibanda cha pili, mwanamke mnene mwenye kucheka, asiyeogopa mtu isipokuwa chura. Shemeji yake alifika asubuhi, hajapumzika, akasema Shomari yuko njiani na Mzee Kondo, aliyetumwa na jumbe kuja kuona kwa macho yake. Kama kibanda kimekandikwa kweli, basi mama amehama, na nyumba na mikorosho vinarudi kwa Shomari. Wamelala njiani na adhuhuri watakuwa wamefika.

Mama akachukua jembe abomoe. Bi Tatu akamshika mkono.

"Ubomoe ili iweje? Alama za udongo si zitabaki kwenye fito? Na huyu mtoto je?"

"Nifanye nini sasa, dada?"

Bi Tatu alitazama kile kibanda, akavitazama na vingine vyote, vya nyasi tupu, vimejipanga ukingoni. Akaanza kucheka. "Kwani baridi ni yako peke yako?" akasema.

Aliyeanza hakuwa yeye. Alikuwa mama mmoja kutoka Vihingo, mkimya, mwenye kibanda cha mwisho. Huyu wenyeji walikwisha kumwonya msimu uliopita kwa sababu ya mpapai aliouotesha mlangoni, na alikuwa na sababu kuliko wote ya kukaa mbali na udongo. Aliinama, akachota tope kwa mikono miwili, akalibandika ukutani kwake, pa. Baada yake wote wakafuata, ilikuwa tope tu. Sisi watoto tulikanyaga udongo mashimoni tukiimba, wanawake wakakandika wamefunga kanga viunoni, wanataniana. "Wewe Mwamvua, unakandika au unapaka mchuzi?" "Niache, kaka yangu akija aone nimekuwa mwenye nyumba." Huyo kaka yake ndiye Mzee Kondo.

Walipofika, Shomari alikuwa mbele, amevaa kofia yake ya kufumwa, ananyoosha kidole hata kabla ya salamu. Kile kidole kikakosa pa kwenda. Vibanda vyote vilikuwa vya udongo, na vyote vinachuruzika maji. Wanawake wamekaa mlangoni, kila mmoja kwake, wanachambua mboga.

"Shikamoo, mzee," tukasema wote.

"Marahaba." Mzee Kondo alitembea polepole mstari mzima. Alifika kwa Bi Tatu akauliza, "Na wewe umehama?"

"Sijahama, mzee. Niko dago."

"Mbona umekandika?"

"Baridi, mzee."

Akaenda cha pili, jibu likawa lile lile. Cha tatu, lile lile. Alipotaka kuegemea ukuta apumzike, Bi Tatu akamwambia kwa adabu zote, "Mzee wangu, usiegemee, kanzu itachafuka." Mzee Kondo akagusa ukuta kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Akakitoa, akakitazama muda mrefu, akakifuta kwenye jani la mgomba. Mimi nilikuwa karibu, nimembeba Sefu, nikayaona yote. Alifika kwa dada yake. Mwamvua alikuwa na tope hadi kwenye nyusi.

"Mwamvua, na wewe baridi?"

"Kali, kaka."

Akamgeukia Shomari. "Bwana, nikisema shemeji yako amehama, itabidi niseme na dada yangu amehama, na mumewe yuko Masaki anasubiri mchele. Huyo utanijibia wewe?" Shomari akaanza kusema huu ni mchezo, udongo ni wa leo, hata kipofu anaona. Mzee Kondo akasema, "Mimi nimetumwa kuona kama mama huyu anakaa peke yake mbali na desturi. Nimeona anakaa na wenzake. Watu wako dago. Tunywe maji, turudi."

Hivyo ndivyo tulivyobaki na kwetu. Tulivuna, tukavunja dago, tukarudi Masaki, na mke mdogo wa Shomari alikuwa amekwisha kutolewa. Siwezi kusema Shomari alishindwa moja kwa moja. Alitoka na kitanda cha baba, na mlango wenyewe alikuwa ameung'oa, tukalala na mkeka mahali pa mlango mpaka mama alipopata mbao. Mpaka anakufa hakuomba radhi, na mimi mazikoni kwake nilikwenda kwa ajili ya watu. Lakini mikorosho ilikuwa yetu. Sefu alipona, akasomeshwa na korosho zile, na mimi mpaka leo nalala katika kiwanja kile.

Sasa watu wana kuta za matofali na bati, na mjane akinyang'anywa anaambiwa akatafute karatasi. Sisemi karatasi ni mbaya. Ila mama yangu karatasi hakuwa nayo, kwa sheria ya leo angeshindwa mapema, na hakushindwa. Nikiwa na homa siku hizi, wakwe zangu wanatuma mtoto aulize hali, naye anauliza akiwa barabarani, hashuki kwenye baiskeli. Hapo ndipo nawakumbuka wale wanawake walivyokuwa wakinawa mtoni ile jioni, maji yote yamegeuka rangi, wanacheka, na kesho yake kila mmoja anabomoa udongo wake ili wenyeji wa bonde wasikasirike. Chetu tu hawakukigusa. Bi Tatu alikwenda mwenyewe kuwaomba wenyeji kwa ajili ya Sefu, wakakubali mpaka mavuno.

Yule mama wa Vihingo hawakumkubalia. Walisema onyo lake lilikuwa la pili, na msimu uliofuata kipande chake walimpa mtu mwingine. Hatukumwona tena. Nimemtaja Shomari kwa jina mbele ya watu wote, na Bi Tatu, na Mwamvua, na Mzee Kondo, lakini huyu, aliyetoa kuliko wote, sikupata kulijua jina lake. Tulikuwa tunamwita mama wa kibanda cha mwisho. Nimeuliza Vihingo mara nyingi. Kama yuko mtu ambaye mama yake au bibi yake alinyimwa shamba Ruvu kwa sababu ya kukandika udongo, aje Masaki aulize kwa dada yake Sefu. Mikorosho ipo, na nafasi ya kujenga ipo.