Feni ya Debe na Mayai ya Mke Wangu

Niliamini kabisa kwamba feni hula sauti za watu. Habari hiyo ililetwa Matongo na jirani yangu, mchunga ng'ombe aliyewahi kuingia ofisi ya boma kule Musoma. Aliona feni ikizunguka darini, na chini yake karani asiyeweza kusema isipokuwa kwa kunong'ona. "Imemla sauti kidogo kidogo," alituambia kilabuni. Tukatikisa vichwa. Mimi nilitikisa kuliko wote, na ndimi niliyekuwa nimemaliza masomo ya jioni ya watu wazima, msomi wa kutegemewa na nchi nzima!

Mwaka huo, katikati ya miaka ya hamsini, mke wangu alikuwa kwao Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara, akimuuguza mama yake. Kumfuata sikuweza. Kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake huoneana haya. Hulali chini ya paa lake, hata salamu unaitupa kwa mbali. Nikabaki na ng'ombe na ukimya. Alipokuwapo, kila asubuhi aliwaita kuku wake kwa sauti ambayo, nawaapia, iliamsha mamba mtoni. Sasa asubuhi zilianza zenyewe tu, bila kuitwa na mtu.

Aliniachia tetea mmoja akiatamia. "Nikirudi, baba, nikute vifaranga," alisema akijitwisha mzigo. Hakuomba kingine. Haukupita muda, kicheche akambeba yule tetea, mayai yakabaki yana joto lake.

Nikayahamishia kwenye sanduku la mbao nililolizungushia blanketi, na taa ya chemli chini ya pembe moja. Nikaweka bakuli la maji, nikawa nayageuza mayai kama mke wangu alivyowahi kuniambia kuku hufanya. Lakini nilipotia mkono, ya karibu na taa yalikuwa yanakaribia kuiva, ya pembe ya mbali yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Hapo nikakumbuka somo la jioni: hewa ya moto hupanda. Nikakata bati la debe la mafuta ya taa, nikatengeneza mapanga mawili ya feni, nikayafunga kwenye ncha mbili za spoku ya baiskeli. Panga la chini likakaa juu ya taa, la juu likaingia sandukuni kupitia tundu nililotoboa. Moto ukasukuma la chini, la juu likazunguka polepole, na joto likafika kila pembe. Feni ya bure! Wazungu wangeiona wangefunga viwanda.

Jirani akaja kuchungulia. "Umeanza kuatamia lini, msomi?"

"Tangu mwenye kuku aondoke."

"Basi na kutaga utage, tule!" Kisha akaliona bati likizunguka, kicheko kikamkauka. "Ndugu yangu, hao watatoka mabubu."

Nikiitoa feni, nusu ya mayai yatakufa. Nikiiacha, mke wangu atarudi awakute vifaranga wasiolia, na ua litakuwa kimya vilevile. Niliiacha. Ila kila asubuhi niliinama sandukuni nikawaita kama yeye, "Kruu, kuu, kuu," ili wapate sauti ya kuanzia. Sauti yangu si yake. Wachungaji waliopita walishika mbavu. Nami nikimaliza nilisimama mlangoni, nikisikiliza upande wa mto, kana kwamba kuna wa kunijibu.

Asubuhi moja nikiwa nimeinama hivyo, jibu likatoka nyuma yangu: "Kruu, kuu, kuu!" Nilidhani ni hamu inanichezea. Nikageuka. Yeye, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama yake alikuwa amepata nafuu.

"Unamwita nani, baba?"

Nikalinyoshea sanduku kidole. Akafunua sanduku mwenyewe. Mayai yalikuwa yanapasuka pande zote, ya karibu na ya mbali, na vifaranga wenye manyoya mabichi walikuwa wanalia kelele za kutoboa masikio.

"Wana sauti!" nikapiga kelele. Nikamweleza yote, karani, feni, hofu yangu.

Aliketi chini akacheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha akafuta macho.

"Yule karani ni mjomba wangu," alisema. "Aliugua koo akiwa mtoto, kabla hata hajaiona feni, na sauti haikurudi. Feni inatoa upepo tu, baba."