Umekata Leo?

Kila mwaka mahafali ya kidato cha nne yakikaribia, mkuu wa shule hunifuata ofisini na tabasamu lake. "Mwalimu, wape watoto ile historia yako." Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kihesa, na historia yangu wanaijua hata kina mama wauza maandazi wa getini. Nilipata ziro, nikarisiti, nikarisiti tena, mara ya tatu nikafaulu, na katikati ya mitihani hiyo nikafiwa na baba bila kujua. Hapo kwenye "bila kujua" ndipo wazazi hupiga makofi na wengine hufuta macho. Mimi hutazama chini. Watu husema mwalimu ana unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Ni aibu tu.

Nimechoka kuisimulia nusu nusu. Leo naiandika yote.

Baba yangu alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwetu ni kule juu, upande wa Kilolo. Mianzi imejaa mabondeni, na mvua zikishika kila nyumba ina mtu wa kushuka bondeni na kisu chake alfajiri. Tena baba huyohuyo alikuwa mpiga kengele wa usharika, kwa sababu nyumba yetu ilipakana na kanisa. Mchungaji alihubiri ubaya wa ulanzi Jumapili hadi Jumapili, na aliyemwitia waumini ndiye aliyeugema. Baba akiulizwa alijibu, "Mimi nagema. Sijamwambia mtu anywe." Hata mchungaji mwenyewe alicheka.

Kengele yetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo, likigongwa kwa nondo. Ya ibada hupigwa harakaharaka. Ya msiba unapiga mara moja, unanyamaza mpaka mlio uishe kabisa, ndipo unapiga tena. Baba alisubiri kuliko watu wote. Ungedhani ameacha, ameondoka zake, kisha unasikia nyingine, nzito vilevile kama ya kwanza. Kijiji kizima kiliujua mkono wake. Mwaka mmoja alipolazwa kwa malaria akapiga mzee mwingine, watu walitoka nje wakaulizana kuna nini.

Matokeo yangu ya kwanza yalitoka Januari, ulanzi ukiwa umepamba moto. Ziro. Nilijifungia chumbani siku mbili, sili, sisemi na mtu. Siku ya tatu baba alinigongea kabla jua halijatoka. "Toka. Nina kazi na wewe."

Tulishuka bondeni kwenye umande. Akanipa kisu, akanionyesha mwanzi mchanga aliokuwa ameukata ncha na kuufungia kikombe. Akaniambia nikate tena palepale, kipande chembamba kama karatasi. Nilikata kipande kinene, akanipiga kofi la mkononi kama mtoto wa darasa la pili.

"Mwanzi ukiukata mara moja unakupa kikombe kimoja, halafu unafunga," alisema. "Asubuhi unakata, jioni unakata. Kidogo, kidogo. Ukiruka siku moja, umeupoteza mpaka mwakani." Akafuta kisu kwenye suruali. "Wewe hujafeli. Wewe uliruka siku."

Mimi nina hasira za karibu, tangu utoto. Nilitaka kumwambia kuwa hesabu si mianzi, na kwamba yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Badala yake nililia kwa hasira njia nzima ya kupanda, na yeye akajifanya hanioni.

Nikapelekwa Mbeya kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza viazi Uyole. Asubuhi nilimsaidia kufunga magunia, mchana nikaenda tuisheni. Na kila jioni, saa kumi na moja, tuliongea na baba kwenye simu. Hakuwa na maneno mengi: salamu ya kwetu na swali moja.

"Kamwene. Umekata leo?"

"Nimekata, baba."

"Haya. Kesho."

Kuna siku nilidanganya. Nilishinda sokoni nikapiga soga na wenzangu, daftari sijaligusa. Akasema, "Leo umekata kwa mdomo." Alijuaje? Mpaka leo sijui. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilifungua daftari kabla sijala.

Mara ya pili masomo mengine yalikaa sawa, hesabu ikanigomea. Nilimpigia kumwambia. Aliuliza swali moja tu, "Kisu unacho?" Nikasema ninacho. "Basi," akasema. Nyie acheni tu, neno lile "basi" lilinibeba mwaka mzima.

Mwaka wa tatu, Oktoba, nikaanza kumsikia akikohoa. Nikiuliza anasema ni vumbi. Sauti yake ikawa ndogo, ikawa ya kutafutwa. Akasema ni mafua. Nilikuja kuelezwa baadaye kuwa alikuwa amewakusanya mama na dada yangu akawaapisha: hata nikifa, mtoto asiambiwe mpaka aweke kalamu chini. Kwetu hilo si jambo geni. Mtoto wa mtihani haambiwi msiba. Nyumba nyingi zimefanya hivyo, na hakuna anayeita uongo. Wanaita kumlinda.

Mitihani ikaanza Novemba. Jumanne moja nilitoka kwenye karatasi ya Kiingereza, na kesho yake ilikuwa hesabu. Saa kumi na moja nikapiga simu ya baba kama kawaida. Akapokea dada.

"Baba yuko wapi?"

"Ameshuka bondeni," alisema. "Kwenye mianzi. Anagema."

Novemba. Kwetu Novemba mvua ndiyo kwanza zinanusa, na hakuna mwanzi hata mmoja wa kugema. Mtoto wa miaka minne anajua hilo. Dada yangu, maskini, hakuwahi kuwa mwongo mzuri, na siku hiyo akili yake haikuwa yake.

Kabla sijasema neno, nikasikia rimu nyuma ya sauti yake. Moja. Kimya. Halafu ya pili, lakini ilikuja mapema, mlio wa kwanza haujaisha. Ya tatu ilikuwa nyepesi, imegongwa pembeni. Haukuwa mkono wa baba.

Kengele ya msiba inapigwa, mpigaji si baba, na baba naambiwa yuko bondeni kugema ulanzi mwezi wa Novemba. Nikajua. Nasema nikajua, sisemi nilihisi. Nikakaa juu ya gunia la viazi.

Swali lilikuwa mdomoni: nani kafa? Maneno mawili tu. Ningeuliza, dada asingeweza kunijibu uongo wa pili, ningeupanda mlima wa Iringa na basi la kwanza asubuhi, ningemwona baba yangu kabla hajafunikwa. Na mtihani wa hesabu ungepita bila mimi. Ningerudi tena kwenye magunia, mwaka wa nne, nikiwa mkubwa kuliko wote tuisheni.

"Mwambie nimekata," nikamwambia dada. Nikakata simu.

Watu wanaoniita mfano wa kuigwa wangependa niseme nilifanya vile kwa ajili ya baba, ili ndoto yake itimie. Hapana. Siku ile sikumfikiria baba. Nilijifikiria mimi. Nilitaka kufaulu, nilitaka kwa uchoyo kabisa, na niliogopa kwamba nikisikia jibu sitaweza tena kushika kalamu.

Jioni ile shangazi alinichinjia kuku. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Nikasema pole, shangazi, vitunguu vya siku hizi vikali. Tukala. Yeye akinificha mimi, mimi nikimficha yeye.

Hesabu niliifanya yote. Sijawahi kuwa na akili safi kama siku ile, na hilo nalo sijajisamehe. Nikamaliza na karatasi mbili zilizobaki. Jumatatu nilipotoka chumba cha mtihani nilimkuta shangazi nje, begi langu mkononi, kajifunga khanga mbili. "Baba yako anaumwa kidogo," akasema. "Anataka kukuona." Nikaitikia. Basi liliposimama Igawa akaninunulia wali na samaki dirishani, nami nikala mpaka nikalamba vidole. Nilikuwa na njaa ya siku sita.

Nyumbani kina mama waliponiona tu wakaangua kilio upya. Nikaanguka. Kilio changu kilikuwa cha kweli, Mungu ananijua, lakini mshangao wangu ulikuwa wa kuigiza, na mama ndiye aliyenidaka. Baba alikuwa amezikwa Ijumaa. Ilikuwa wazike Alhamisi, waliniambia, mchungaji akachelewa.

Januari nikapata C ya hesabu. Ualimu ukafuata, kazi ikafuata, nyumba ya bati ya mama ikafuata. Mvumilivu hula mbivu, wanafunzi wangu huniandikia hivyo kwenye kadi. Nazisoma, naziweka kwenye droo. Nashindwa kuzitupa na nashindwa kuzibandika ukutani.

Na kila Januari, ulanzi wa kwanza ukitoka, nikienda kumsalimia mama ananishika mkono na kusema yaleyale. "Nisamehe, mwanangu. Nilikunyima baba yako." Nami kila mwaka namjibu, "Nimekusamehe, mama." Miaka yote hiyo. Mtu anaomba msamaha kwangu, nami napokea, kama vile ni haki yangu.

Januari iliyopita nilimkuta amelala sebuleni, miguu imevimba, macho yamepungua nuru. Hakuniomba msamaha kwa namna ya siku zote. Alisema, "Naogopa kwenda kukutana na baba yako. Atauliza, mtoto alikuja kuniaga? Nitamjibu nini?" Akalia. Mama yangu si mtu wa kulia. Alizika mume bila kuanguka, na sasa analia kwa kosa ambalo si lake.

Nikasema basi, liwalo na liwe. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaushika mguu wake.

"Mama, wewe hukuninyima. Nilijua. Siku ile nilipopiga simu, nilisikia kengele."

Akaacha kulia.

"Uliisikia?"

"Niliisikia. Nikajua ni baba, kwa sababu mkono haukuwa wake. Sikuuliza. Nilitaka kufanya mtihani. Nisamehe mimi, mama. Wewe huna kosa."

Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaufikia uso wangu.

"Ulikuwa mkono wangu," alisema.

Sikuelewa. Akaeleza polepole, akipumzika. Baba alikata roho saa kumi na moja kasoro. Mpiga kengele ndiye marehemu, nani ampigie? Wazee walikuwa hawajafika. Simu ikalia, dada akatoka nayo nje, na mama akajua ni mimi, kwa kuwa ndiyo saa yangu. Akainuka pale alipokaa, mjane wa dakika chache, akavuka uwanja, akashika nondo.

"Nilimwapia baba yako kwamba sitakwambia kwa mdomo. Mikono haikuapa. Nikasema, yule ni mtoto wa mpiga kengele. Akisikia atajua, halafu achague mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu hukuja. Nikajiambia upepo ulikuwa mwingi, hukusikia. Nimejiambia hivyo mpaka leo."

Nje watoto wa dada yangu walikuwa wakishuka bondeni na vikombe, wakigombana. Mama aliwasikiliza mpaka wakapita. Kisha akasema, si kwa kunilaumu, alisema tu kama mtu anayemalizia habari:

"Wazee waliuliza Alhamisi kutwa, tunamsubiri nani, kaburi liko wazi. Nikawaambia mchungaji yuko njiani. Mchungaji alikuwa amekaa ndani, anakunywa chai."