Mtumbwi Juu ya Paa la Arlys

Dada yangu Arlys ana miaka sabini na moja na hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Chumvi ikimwishia mnakula hivyo hivyo, na ole wako ulitaje hilo jambo mezani. Tangu mumewe Gordon afariki, kila kiangazi anafunga kitrela chake cha kukunja nyuma ya gari, anapandisha mtumbwi wa alumini juu ya paa la kitrela, huyo, ziwani kuvua samaki.

Kikiwa barabarani, kitrela hicho ni sanduku bapa tu. Mkifika kambini unazungusha mpini, paa linapanda, turubai linafunguka, vitanda unavivuta nje huku na huku, tayari una nyumba. Ila paa lenyewe linanyanyuliwa na nyaya nyembamba za chuma. Kulibebesha mzigo njiani, sawa. Kulinyanyua mzigo ukiwa juu, unakata nyaya, na nyumba huna. Kwa hiyo mtumbwi lazima ushuke kwanza, na mwaka jana ulimponyoka ukamvunja kidole cha mguu.

Mwanawe Loren akaja juu. "Mama, hiki kitu nakiuza!" Wakabishana weee, mpaka wakakubaliana: Arlys aende tena mara moja, akifungue kitrela bila mkono wa mtu wa familia. Akiweza, ni chake. Akienda kulala hotelini, kinauzwa. Mimi nikatumwa kama shahidi, nikakatazwa kugusa chochote. Mimi, mwenye mikono yangu mizima, nikakalishwa kwenye kiti cha kukunja kama mgeni wa harusi!

Tulifika mchana, wingu jeusi limeshatanda ng'ambo ya ziwa. Arlys akatandika taulo ukingoni mwa paa ili mtumbwi uteleze, akafungua mikanda, akavuta. Wapi!

"Umesahau mkanda wa mbele," nikamwambia.

"Shahidi hana mdomo."

"Haya, shahidi kanyamaza. Vuta basi tuone."

Akaenda akafungua mkanda wa mbele, akarudi. Safari hii mtumbwi ukaja kweli, ukatokeza nusu, ukaanza kuinama kuelekea kichwani kwake. Akausukuma ukarudi. Roho iliniuma, na kugusa nimekatazwa.

Jirani yetu pale kambini, bwana mmoja wa Arizona aitwaye Ramiro, akaja akifuta mikono kwa kitambaa. "Nikusaidie, mama?"

"Aa, hapana, asante. Usijisumbue."

"Una hakika?"

"Eee, tunaendelea vizuri tu."

"Haya," akasema Ramiro, akarudi zake kuchoma nyama.

Tukabaki tunatazamana. Huku kwetu Minnesota hata mtoto mdogo anajua: mtu akitaka kukusaidia unakataa, anarudia, unakataa tena, mara ya tatu unasema, "Basi, kama huna kazi nyingine." Zile mbili za kwanza ni adabu tu. Huyu bwana kamwamini!

"Ameondoka," Arlys akasema.

"Si umemwambia hutaki?"

"Nilisema sitaki mimi? Nilisema asijisumbue!"

Matone yakaanza. Arlys akajikaza, akaenda kwa Ramiro kumwomba. Nikamwona amesimama pale anamsifia mbwa wa yule bwana. Akazungumzia mvua. Akauliza habari za barabara za Arizona. Ramiro akamnyooshea sahani ya nyama, Arlys akakataa. Akamnyooshea tena, akakataa tena. Sahani ikarudi mezani. Dada yangu akarudi bila msaada na bila nyama, nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Cheka tu," akasema.

Mvua ikamwagika hasa. Arlys akaukamata mpini. "Nanyanyua hivi hivi."

"Na mtumbwi juu? Utakata nyaya, Arlys!"

"Zikatike!"

Akazungusha. Paa likapanda kidogo, chuma kikatoa mlio mbaya. Kicheko kikanikauka. Nikasimama, ushahidi nimeutupa huko. "Dada, ni neno moja tu. Watu wanalisema kila siku na hawafi."

Akauachia mpini. Akasimama, maji yanamchuruzika puani, hajui aanzie wapi. Kisha akageukia kambi nzima, akafumba macho, akapiga ukelele: "NISAIDIENI!"

Lo! Watu wakatoka mbio kila upande. Ramiro ana uma mkononi, na mzee mmoja kaja na boya la kuokolea. "Nani anazama? Yuko wapi?"

"Hakuna anayezama," Arlys akasema, mwekundu kama nyanya. "Ni mtumbwi tu. Umenishinda."

Wakacheka, wakaushusha kama kikapu. Yule mzee akalirudisha paa chini polepole, akazikagua nyaya. Nzima! Arlys mwenyewe akazungusha mpini, na nyumba ikasimama.

Jioni Loren akapiga simu, Arlys akaipokea kwa kipaza sauti. "Mko hoteli gani?"

"Tumo ndani ya kitrela, tumekauka, tunakula nyama ya jirani."

"Mtumbwi kashusha nani? Mama mdogo?"

"Mama mdogo hakugusa kitu. Watu wa hapa. Niliwaomba."

"Wewe? Uliomba? Kwa mdomo wako?"

"Kambi nzima ilisikia!" nikadakia.

Loren hakucheka. "Mama, mimi sikuuogopa mtumbwi. Mwaka jana ulivunjika kidole, kambi imejaa watu, ukaburuta mguu peke yako ukaendesha gari mpaka nyumbani. Niliogopa kwamba siku moja utakufa katikati ya watu, kwa kuona haya tu."

Arlys alikuwa anatazama turubai. "Sasa unakiuza, hukiuzi?"

"Kaa nacho, Mama. Kaa nacho mpaka uchoke."

Simu ikakatika. Arlys akalia waziwazi mbele yangu, jinsi ambavyo hakulia hata kwenye mazishi ya Gordon. Kisha akasema, "Nishike mkono kidogo," nami nikaushika.