Mbuzi Aliyechelewa

Nyumba yetu ya Kasongo ilikuwa na ukuta mmoja wa matete, umekandikwa udongo upande mmoja tu, ukitenga baraza ya nyuma na jiko. Upande wa huku baba alikaa jioni akiisha kuvua viatu vya kazi. Upande wa kule, karibu na moto, alikaa nkambo yangu, mama yake mama. Walikuwa karibu kiasi kwamba mmoja akigeuka kwenye kiti mwingine alisikia kiti kikilia. Na mimi nilikaa mlangoni, katikati yao, na ungo wa mchele magotini, na shingo inayouma.

Baba akikohoa, nkambo alisema:

"Wee mutoto, mwambie mukwe wangu pole ya kikohozi."

"Baba, nkambo anasema poleni."

"Mwambie mama asante. Ni vumbi ya pamba tu, itapita."

"Nkambo, baba anasema asante, ni vumbi ya pamba."

Nkambo alingoja nimalize neno la mwisho, uso umetulia, kana kwamba habari hiyo ilikuwa imetoka mbali, kule Wamaza, kwa miguu. Kisha akasema, "Aah. Vumbi ya pamba," na kusukuma kuni ndani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilitamani kuubomoa ule ukuta kwa kichwa.

Kwa watu wa mama, upande wa Kabambare, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Mgeni angedhani wana ugomvi, lakini ndiyo heshima kubwa kuliko zote: mwanamke aliyekuzalia mke hastahili kukuona umefungua kinywa unatafuna. Hali hiyo huwa na mwisho wake. Siku moja mkwe analeta mbuzi, anachinjwa, mama mkwe na mkwe wanakula pamoja chungu kimoja, na tangu hapo wanatazamana kama mtu na mama yake.

Tabu ilikuwa nani aanze. Baba hakuweza kuleta mbuzi bila kuitwa, maana ingekuwa kama kusema amechoka kumheshimu. Nkambo hakuweza kumwita, maana ingekuwa kama kusema ana hamu ya nyama. Basi tangu harusi ya wazazi wangu, kabla sijazaliwa, wote wawili walikuwa wanangojana kwa adabu. Hata nkambo alipokuja kukaa kwetu mama alipojifungua kitinda mimba wetu, akaletwa na lori la pamba, ameketi juu ya magunia kama malkia, baba alimpokea kwa kumpa mgongo. Yeye naye akashuka kwa kumpa mgongo. Dereva alicheka mpaka akapiga honi kwa kiwiko.

Mchana baba alikuwa karani kwenye kampuni ya pamba. Katika mtaa wetu watu walimjia na kesi zao: kisima kilichochafuliwa, mke aliyerudi kwao, mtoto aliyekataa shule. Hakuwa na cheo chochote. Alisikiliza tu, kichwa kimeinama, na alipokinyanyua watu walinyamaza. Kwao alikuwa amepita kila mlango ambao mwanamume hupita: alitahiriwa, alijenga, alioa, alimzika baba yake, akapewa nafasi ya kukaa na wakubwa.

Halafu asubuhi anaingia ofisini, na Mzungu mmoja mpya, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinatafuta njia ya kutokea, anamwambia, "Mutoto, lete wino."

Mutoto! Baba yangu mwenye watoto sita. Siku moja nilimpelekea chakula nikasikia kwa masikio yangu. Baba alileta wino. Njiani kurudi nilikuwa napiga mawe teke, nikaharibu viatu vya pekee nilivyokuwa navyo, na mama akanichapa kwa sababu ya viatu.

Ndiyo maana baba alitaka ile kadi. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa inawapa watu weusi wachache kadi ya kuonyesha kwamba wamestaarabika. Mwenye kadi hapigwi fimbo. Anaitwa Bwana. Anaweza kuketi kwenye baraza la mtaa na kusema, na maneno yake yakaandikwa. Baba hakutaka mengi zaidi: aitwe kama mtu mzima na mtu aliye mdogo kwake kwa umri. Lakini kabla ya kupewa, wakaguzi walikuja nyumbani kwako kuangalia kitanda, choo, sufuria, na jinsi mnavyokula. Kwanza kabisa, jinsi mnavyokula. Mezani, kwa uma na kisu, jamaa nzima pamoja.

Mimi nilisoma kwa masista, kwa hiyo nikafanywa mwalimu wa uma. Na kwa kuwa baba na nkambo hawawezi kuonana wakila, nilifundisha somo lilelile mara mbili kila jioni, kwanza mezani, halafu jikoni.

Baba alijifunza kama anavyojifunza kila kitu, kimya na kwa jasho. Nkambo aliushika uma mbele ya moto, akaugeuza, akauangalia kwa huruma.

"Hii kitu iko na meno mingi kuliko miye."

"Nkambo, shikeni hivi. Kidole juu."

"Kidole juu kufanya nini? Kuonyesha nani?"

"Wazungu ndivyo wanavyokula."

"Wanaogopa chakula yao? Miye siogopi chakula yangu."

Lakini alijifunza. Aliuchoma muhogo, akaukata, akaupeleka mdomoni bila kudondosha hata punje, kisha akauchomoa uma kwa midomo iliyofungwa kama bibi harusi. Nilipiga makofi. Upande wa pili wa ukuta baba akauliza, "Kuna nini?" Nkambo akasema, "Mwambie mukwe wangu hakuna kitu." Nikamwambia hakuna kitu.

Niliona mapema balaa inakotoka. Jamaa nzima mezani! Nilimfuata baba barazani.

"Baba, leteni mbuzi. Wakaguzi wakija mtakula wote pamoja, mambo yaishe."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa avue suruali sokoni. "Nimlete mbuzi leo, wiki ya ukaguzi? Mama atasema nimemfanya ngazi ya kupandia."

Nikaenda jikoni.

"Nkambo, muombeni baba mbuzi."

"Loo! Aseme nimekuja Kasongo kufuata nyama?"

Nikamwendea mama, aliyekuwa ananyonyesha. Hata macho hakuinua. "Waache. Miye niliwaacha toka harusi."

Wakaguzi walikuja mapema kuliko walivyosema, jua likiwa bado upande wa kanisa. Walikuwa watatu: msaidizi wa mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa Mzungu mwenye soksi ndefu; padri mzee aliyekuwa anasinzia akiwa amesimama, na karani mmoja mweusi, mzaliwa wa Lusangi, ambaye kadi yake alikwisha kuipata na sasa aliivaa usoni. Baba alikuwa katika koti lake jeusi. Mama alikuwa amesuka nywele. Sisi watoto tulikuwa tumesuguliwa mpaka tukawa wekundu magotini.

Waliangalia kitanda. Mzungu aliinama kutazama uvunguni, katika chumba cha wazazi wangu. Waliangalia choo. Waliangalia kabati. Kisha tukaketi, wali na kuku vikaletwa, na tukala. Uma zilikwenda juu na chini. Kitinda mimba alilala, Mungu ambariki. Padri alitabasamu. Nilianza kupumua.

Ndipo Mzungu aliposikia kikohozi jikoni. Alikwenda mlangoni, akarudi.

"Yule mwanamke mzee ni nani?"

"Mama wa mke wangu, Bwana," baba alisema kwa Kifaransa chake kizuri.

"Na kwa nini anakula kwenye moshi wakati wewe unakula mezani?"

"Namheshimu, Bwana. Ni desturi yetu."

Mzungu alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alicheka kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Unamheshimu kwa kumweka na masufuria? Mtu aliyestaarabika hamfichi mama mzee. Mlete akae hapa. Nataka kuona jamaa nzima."

Nilimgeukia karani wa Lusangi. Huyu alijua! Lusangi na Kabambare ni desturi moja, na yeye mwenyewe ana mama mkwe. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Karani alikuwa ametazama dari, kana kwamba popo wamemwita.

"Haiwezekani, Bwana," baba alisema.

"Haiwezekani?"

Baba aliuweka uma kando ya sahani, kwa utaratibu niliomfundisha mimi. Na nikajua, nikitazama ule mkono, kwamba hatamwita. Ile kadi yote, lile jina la Bwana, vilikuwa vimelala pale mezani karibu na mifupa ya kuku, naye hatavigusa.

Nkambo hakujua Kifaransa, lakini ukuta ule ulimfundisha kusikia sauti. Aliingia mwenyewe. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka puani, anatembea ubavu ubavu, uso ukutani, akapapasa kiti na kuketi. Alikuwa amekuja kumsaidia mkwe wake. Alikuja kumnunulia kadi kwa aibu yake mwenyewe.

Na baba, saa ileile, akasimama. Akageuka, akatoka nje bila kutazama meza, akaenda kusimama juani katikati ya uwanja, na koti lake jeusi, akitupa mgongo sisi sote.

Hata sasa nikiandika haya nakuna kichwa. Mmoja aliingia kwa heshima, mwingine akatoka kwa heshima, na wageni watatu wakaona mwanamume anayekimbia meza kwa sababu mwanamke mzee ameketi!

Nkambo alikula. Ilimbidi ale, alikuwa amekwisha kuingia. Alishika uma, kidole juu, akala wali wote na kipaja cha kuku, bila kudondosha, chini ya kile kitenge. Mzungu alishangaa. "Tazama," alimwambia padri, "mwanamke mzee wa kijijini amestaarabika kuliko huyu karani wa pamba." Karani wa Lusangi akacheka pamoja naye.

Jibu la kadi lililetwa na huyohuyo karani wa Lusangi, jioni moja, amesimama barazani kwetu bila kukaribishwa kiti.

"Wanasema ungoje. Wanasema bado hujakomaa."

Baba aliitikia kwa kichwa. Mimi mlangoni nilikuwa natafuta kitu cha kurusha.

"Hajakomaa?" Sauti ilitoka jikoni, kubwa, bila mjumbe. "Mutu mwenye watoto sita? Wewe wa Lusangi! Mama mukwe wako ulimuketisha wapi walipokuja kwako?"

Karani alirudi nyuma kuelekea baiskeli yake.

"Sema! Au ulimufunga kwa jirani kama mbuzi?"

Watoto wa mtaa walikwisha kujaa kwenye ua. Karani alipanda baiskeli yake na kuondoka, mnyororo umetoka, anasukuma kwa mguu mmoja. Niligeuza shingo huku, nikageuza kule, nikingoja ujumbe wa kupeleka.

"Mukwe wangu," nkambo alisema, moja kwa moja, kupitia matete. "Mbuzi iko wapi?"

Nilisikia kiti cha baba kikilia.

"Kesho, mama."

Mbuzi alikuwa mweusi, mkaidi, na alikula nusu ya maua ya mama kabla ya kuchinjwa. Walikula chungu kimoja, kwa mikono, wameketi mkekani. Baba alikawia kuinua uso. Alipouinua, nkambo alimkazia macho bila haraka, kama mtu anayekagua nguo aliyoiagiza zamani.

"Kumbe uko na mvi," alisema. "Nilikupa binti ukiwa kijana. Karibu, muzee wangu."

Baba akashusha kichwa tena, na mara hii si kwa desturi. Mama alisimama ghafla kwenda kuangalia maji ambayo hayakuwa motoni.

Na mimi? Nililia, halafu nikakasirika. Mbuzi yuleyule! Alikuwa anauzwa sokoni wiki tatu kabla ya ukaguzi, akiwa bado mnono! Nilisema hivyo kwa sauti. Wote wawili walinitazama, sasa wako upande mmoja.

"Mutoto huyu hana adabu," nkambo alimwambia baba.

"Ni masista, mama," baba alijibu.

Jumatatu baba alirudi kazini. Jioni alimweleza nkambo uso kwa uso, wakila.

"Leo tena yule Mzungu kijana ameniita mutoto. Sikuitika. Niliendelea kuandika."

"Ehee?"

"Akaita tena. Nikaandika. Akapiga meza. Mwisho akasema, Karani, lete wino."

Nkambo alitafuna, akafikiri. "Karani. Si Bwana."

"Si Bwana."

"Lakini si mutoto." Alisukuma bakuli la mchuzi upande wake. "Kesho usiitike Karani."

"Atanifukuza, mama!"

"Basi itika polepole."

Walianza kubishana, vinywa vimejaa, mmoja akimkata mwingine maneno. Mlangoni, na ungo wangu magotini, hakuna aliyeniomba nipeleke neno lolote.