Herufi B ya Winfrida

Ruangwa mjini, ukitaka jina la mwanao lidariziwe kwenye sweta la shule, utaelekezwa kwa Winfrida. Hana mchezo na herufi. Eliudi, mwenyekiti wa kwaya, alimpelekea sare ziandikwe UPENO WA BWANA. Winfrida akagoma kutia sindano mpaka D irudi mahali pake. Eliudi akabeba sare zake akaondoka, akisema huyu mama anaringa. Alikuwa anaringa kweli.

Siku ya arobaini ya mama yake, ukoo ulikusanyika Naipingo kugawana vitu vya marehemu. Winfrida akapewa sanduku la bati alipekue. Chini ya vitenge akakutana na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe darasa la sita. Maua mekundu, kila moja na ukubwa wake, na katikati maandishi: MUNGU IBARIKI NYUMA HII.

B haikuwepo. Wala haikutajwa nyuma ya nani.

Kitambaa hicho kilining'inia ukutani kwa mama miaka na miaka. Mama hakujua kusoma, na wageni waliojua walisoma nyumba, maana nao, kwa lafudhi ya kwao, nyumba waliitamka nyuma. Sasa Eliudi, aliyekuja na kwaya yake, alikuwa barazani anakunywa chai. Akikiona tu, jina la Winfrida litakwisha kabla hajafika kituo cha mabasi. Akakikunja, akakisokomeza kifuani.

"Mwizi!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwamini, mtani wa ukoo. "Anamwibia marehemu!"

Akakichomoa, akakisoma, akajifunga kiunoni, maandishi yakakaa makalioni, akazunguka baraza kwa madaha. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Eliudi alicheka kuliko wote. Winfrida hakuwa na pa kushtaki, maana mtani msibani hashtakiwi.

"Nirudishie, dada," akasema.

"Kisome kwanza. Kama kilivyoandikwa. Usitutilie herufi zako za Ruangwa."

Winfrida akayatazama yale maandishi, na ndipo akakumbuka. Mwalimu aliwaambia kila mtu adarizi neno la nyumbani kwao. Yeye akamuuliza mama, mama akiwa anamenya mihogo. Mama akalisema mara moja, bila kuinua kichwa, naye akaliandika kama alivyolisikia.

Akavuta pumzi.

"Mungu ibariki nyuma hii," akasoma.

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yake, na ulimi ule ule aliouacha miaka mingi mlangoni pa shule. Winfrida alisikia uchungu ambao siku ya mazishi haukumfikia, alipokuwa ameshughulika kusahihisha maandishi ya msalaba.

"Amina," akasema Eliudi. Hakuwa anacheka tena.

"Amina," wakaitikia wengine.

Bi Mwamini akakifungua kile kitambaa kiunoni, akamkabidhi ajifutie machozi. Winfrida akakikunja vizuri, akakiweka mapajani, akajifuta kwa kiganja.