Githeri ya Siku ya Kubomoa

Mbao za mtarakwa zikipasuliwa hutoa harufu kali yenye utamu kidogo, hata kama zimekaa ukutani miaka mingi zikinywa moshi. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa boma letu la Lanet likizo ile ya Aprili, baba alipoamua kubomoa nyumba yetu ya mbao ajenge ploti: vyumba kumi vya kukodisha vilivyopangwa mstari, na sisi wenyewe tukae katika viwili vya mwisho. Watu walikuwa wanamiminika Lanet kutafuta vyumba, na baba alisema mwenye shamba asiye na wapangaji ni sawa na mwenye ng'ombe asiyekamua. Mimi na dada yangu tulipewa kazi ya kunyoosha misumari. Fundi aling'oa, sisi tukaigonga juu ya jiwe mpaka ikanyooka, tukaitia katika mkebe wa rangi. Niligonga vidole vyangu mara nyingi kuliko misumari, lakini nilijiona mjenzi kamili.

Siku ya pili mabati ya sebule yalikuwa chini na vitanda vyetu viko kwa jirani. Kilichobaki ni jiko, chumba cheusi kwa masizi kilichoegemea nyuma ya nyumba. Fundi alipanda ngazi, akachungulia kwenye tundu la moshi, akashuka polepole. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ameinjika sufuria kubwa ya githeri, mahindi makavu na maharagwe ambayo hata hayakulowekwa.

"Mzee, siwezi toa mabati na mama anapika," fundi akamwambia baba.

Baba akaingia. "Mama Njeri, si utoke kidogo tumalize?"

Mama akasukuma kuni ndani. "Endeleeni tu. Mimi nangoja githeri iive."

Aliyewahi kupika mahindi makavu anajua uzito wa maneno hayo. Tulikula jioni, na asubuhi akainjika nyingine. Baba hakuwa mtu wa kumvuta mkewe mkono, na maji alikuwa ameshayavulia nguo: nyumba haina paa, na mawingu ya mvua yanakusanyika juu ya Menengai. Siku ya tatu alienda kukaa naye kando ya moto. Mimi nilikuwa mlangoni na mkebe wangu, nikamsikia mama akisema bila kupandisha sauti, "Nikipikia kwa veranda ya wapangaji, nitakuwa mpangaji wako." Baba alitoka akamwambia fundi kwamba vyumba vitakuwa tisa. Ploti ikajengwa ikilizunguka jiko, na kila Julai wapangaji walikuja kuota moto humo. Nilimwonea mama fahari ambayo sijawahi kuiacha.

Baba ametutoka. Lanet sasa ni gorofa kwa gorofa, na chumba chenye choo cha nje hakina anayekitaka. Mwaka huu mimi na dada yangu tulikubaliana kubomoa ploti tujenge juu, na nikatumwa kwa mama nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilizunguka sana kabla ya kumuuliza. Mama akacheka.

"Bomoeni. Huo moshi umenimaliza macho. Mimi nataka gesi."

"Na ile vita yote na baba?"

"Baba yenu hakuniuliza," akasema. "Nyinyi mmeniuliza."

Niliona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewasimulia watu hadithi ile vibaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mimi nilikuwa nikija Krismasi, nakula, nalisifu jiko, naondoka na macho yangu mazima.

Jumatatu mafundi walifika mapema. Mama alikuwa ameshahamia kwa dada yangu, na kigoda chake amekibeba. Fundi mkuu, kijana mpole, alinikuta jikoni nimekaa sakafuni.

"Madam, tuanzie hapa?"

Nikamwomba aanzie upande ule mwingine. Nilikuwa nimeinjika githeri.